Kuvuliwa namba 8

Swahibu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Eti kocha wenu wa raga "amekuzika ukiwa hai" kwa kukuvua jezi namba 8 na kukupa namba 1, ya propu wa safu ya mbele! Pole. Najua unavyopenda kuuokota mpira nyuma ya skramu, lile rundo la mafowadi wa timu mbili wanaosukumana wameinama, na kutimua nao mbio. Ila kabla hujatundika viatu, mkumbuke Tendai Mtawarira, namba 1 wa zamani wa Afrika Kusini, yule ambaye kila akigusa mpira uwanja mzima uliunguruma "Beeeast!"

Alizaliwa Harare mwaka 1985, na jina hilo la Beast analo tangu shule ya msingi. Mwili haukuanza kumjia ukubwani. Akasoma shule ya Peterhouse, kisha akavuka mpaka hadi Durban, Afrika Kusini, kwenye akademia ya klabu ya Sharks. Alikwenda huko akiwa kama wewe tu, fowadi wa nyuma, mtu wa kukimbia na mpira. Kocha Dick Muir ndiye aliyemhamishia safu ya mbele, na kijana hakufurahi. Nani angefurahi? Unainama siku nzima, masikio yanasagika, na mpira wenyewe unausikia kwa jirani.

Juni 2008 akaichezea Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales. Lakini mechi ninayotaka uione ni ya tarehe 20 Juni 2009, pale Durban, dhidi ya British and Irish Lions, kikosi cha pamoja cha wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Namba 3 wao alikuwa Phil Vickery, bingwa wa dunia wa 2003, mzee wa kazi. Sasa, wewe namba 1 unaingia skramu sikio moja likiwa nje, huru. Namba 3 anayekukabili kichwa chake kimebanwa katikati ya vichwa viwili. Mtawarira aliutumia uhuru huo bila huruma. Anaingia chini, anasukuma kwa kupanda, Vickery kifua kinainuka, skramu inapasuka, filimbi. Skramu nyingine, filimbi tena. Kipindi cha pili kilikuwa bado kibichi Vickery alipotolewa. Afrika Kusini ilishinda 26-21.

Si yote yalikuwa mteremko. Mwaka 2010 lilizuka suala la uraia, kwamba anaichezea nchi ambayo si raia wake, mpaka alipoupata. Halafu moyo nao ukawa unamsumbua kwa mapigo yasiyo ya kawaida. Mimi ningekuwa nimeshastaafu zamani.

Yeye alikuwepo Yokohama, 2019, ana miaka 34, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza. Dakika za mwanzo tu namba 3 wao, Kyle Sinckler, akaumia akatoka. Dan Cole akaingia kubeba mzigo karibu mechi yote. Skramu za Waingereza zikaanza kurudi nyuma, penalti zikaja, mpiga mateke wa Afrika Kusini, Handré Pollard, akazigeuza kuwa pointi. Afrika Kusini ikashinda 32-12. Baada ya hapo Beast akaaga timu ya taifa akiwa na mechi 117. Hakuna propu wa Afrika Kusini aliyekuwa amefikisha idadi hiyo.

Ile mechi ya 2009 ninayo nzima. Njoo Jumamosi tuitazame, ila skramu tu, trai tutaziruka. Na uje umejaribu kwanza kuinama mgongo ukiwa umenyooka kama meza, maana picha uliyonitumia ulikuwa umejikunja kama kamba.

Wako wa siku zote.