Ghorofa lijengwe, lango lihamishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo la mtaani kwetu Shangani, hapa Mtwara mjini, maana likichelewa kusemwa litakuwa limeshamwagiwa zege. Jirani na kwetu linapanda jengo la ghorofa nne la kupangisha. Ghorofa lenyewe halinikeri. Kinachonikeri, na kinachowakera majirani wengi niliozungumza nao, ni lango. Magari ya wapangaji wote yatatokea kwenye njia ya nyuma, njia ya mchanga ambayo bajaji mbili zikikutana moja inabidi irudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, ilhali mbele ya kiwanja hicho hicho inapita barabara pana ya lami.

Msimamizi wa mafundi alitufunulia ramani bila kuficha kitu, na ninamshukuru kwa hilo. Upande wa lami wote umetengewa fremu za maduka. Fremu inaleta kodi kila mwezi, lango haliingizi hata senti, kwa hiyo lango limesukumiwa uchochoroni. Kwa mwenye mali hesabu hiyo imekaa sawa. Ila gharama yake haimhusu yeye, inawahusu wanaopita kwa miguu kwenye njia ile: watoto wa shule, watoto wa madrasa, kina mama wanaobeba ndoo za ming'oko, vile viazi vya porini, kwenda kuuza barabarani, na wazee wanaokwenda msikitini alfajiri, gizani, kwa sababu taa ya barabarani huko hakuna.

Mtwara si mji uliojiotea kama uyoga. Ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zikashindwa, reli ya kwenda Nachingwea nayo ikang'olewa, siku hizi imebaki jina la kata tu. Tulichorithi cha maana ni bandari, viwanja vikubwa na barabara pana ambazo wageni wakija husifia. Viwanja vya huku Shangani vilikuwa vya nyumba moja, familia moja, mwembe mmoja. Sasa kiwanja hicho kinabeba watu wa mtaa mzima, na hilo peke yake si kosa. Sensa ya 2012 ilitukuta laki moja na kidogo katika manispaa hii, ya 2022 ikatukuta tunakaribia laki moja na nusu. Watu hao lazima walale mahali. Kuna korosho, kuna makaa ya mawe yanayoletwa bandarini kutoka Ruvuma, kuna kiwanda cha saruji, kuna vyuo, kuna Hospitali ya Kanda kule Mitengo yenye wauguzi na madaktari wanaohitaji vyumba. Mimi mwenyewe nina vyumba vya uani napangisha, kwa hiyo nisingethubutu kusimama nikasema wapangaji wasije.

Lakini hebu tupige hesabu ambayo nadhani haikupigwa. Chukua jengo la familia kumi na sita. Tuseme nusu yao tu wana gari. Magari manane yanataka kutoka kati ya saa moja kasoro na saa moja na nusu asubuhi, wakati ule ule watoto wanapokwenda shule. Ongeza bajaji na bodaboda za wale wasio na magari, kila moja ikiingia tupu na kutoka na abiria, yaani njia inapitwa mara mbili kwa safari moja. Ongeza boza la maji siku bomba likikauka, gari la taka, pikipiki ya mitungi ya gesi, na pikapu ya anayehama, maana kwenye nyumba za kupangisha kuna anayehamia na anayehama kila wakati. Jioni yote hayo yanarudi. Na wageni wa mwisho wa wiki je? Kwenye ramani niliyoiona, maegesho ni machache kuliko nyumba. Watakaokosa nafasi ndani wataegesha nje, na nje ndiyo njia yenyewe.

Tumeshaonjeshwa, kwa sababu malori ya ujenzi yanapita huko huko. Mwezi uliopita lori la kokoto liliingia kinyumenyume, utingo nyuma akipiga bodi kwa kiganja, "njoo, njoo, njoo," huku watoto watatu wenye mabegi wamejibanza kwenye ukuta wa jirani yangu, matumbo ndani, wakisubiri tairi zipite. Lilipofika katikati likazama mchangani. Likakaa hapo tangu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Muda wote huo mwenye mgonjwa asingetoka na gari, na mwenye msiba asingefikiwa na gari. Mafundi walimwaga kokoto zao chini ya tairi, lori likatoka, likaacha mashimo mawili ambayo mvua za Desemba zikianza yatakuwa madimbwi.

Hapo kwenye gari la dharura ndipo ningependa hata wenye jengo wanisikilize. Moto ukizuka ghorofa ya tatu, Mungu aepushe, mtu atapiga 114 na zimamoto watakuja na gari lao zito lililojaa maji. Litapita wapi? Upande wa lami litakuta safu ya fremu zilizofungwa kwa mageti ya chuma. Upande wa nyuma litakuta njia ile ile iliyomshinda dereva wa kokoto, safari hii ikiwa na magari yaliyoegeshwa. Wapangaji wa jengo hilo, ambao bado hawajafika na hawana wa kuwasemea, ndio watakaokuwa juu.

Nimejibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba hizi ni kelele za wenye magari wasiotaka foleni. Jamani, foleni gani Mtwara? Aliyewahi kukaa Dar es Salaam akisikia tunalalamikia foleni atatucheka, na atakuwa na haki. Wengi wetu uchochoroni kule hatuna hata pikipiki. Tunachoogopa ni gari linalopita karibu na mguu wa mtoto kwa sababu hakuna pembeni pa kusimama. Sheria ya usalama barabarani imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kwenye njia kama yetu hata 20 ni nyingi.

Jibu la pili limeniuma zaidi: "Nyie watu wa Mtwara mnapinga maendeleo." Tangu zile vurugu za 2013 za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mtu wa huku akiuliza swali lolote anaonekana mkorofi. Kuuliza gari litatokea wapi si kupinga maendeleo. Tunasema Mtwara kuchele, yaani Mtwara kumekucha, na tunamaanisha. Tuliona wakati wa utafutaji wa gesi kodi za nyumba zikipaa mpaka walimu wakakosa pa kupanga, na nyumba nyingi zaidi ndiyo dawa ya hilo. Hatutaki kuikosa dawa.

Nilipofuatilia nani anapaswa kuhesabu magari, ndipo nilipoelewa mambo yanapopotelea. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Barabara za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Anayekagua ramani anaangalia nguzo, choo na umbali kutoka mpakani, anayetunza barabara anaangalia lami na mitaro, na gari linalotoka kwa huyu kuingia kwa yule halina mwenyewe. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua ushiriki wa wananchi. Kwetu ushiriki umekuwa kukutana na msimamizi wa mafundi mwenye roho nzuri. Angekuwa mkali, tungejua habari za lango siku linafunguliwa.

Tunachoomba si kikubwa. Fremu mbili za pembeni upande wa lami ziachwe, lango la kuingilia na kutokea liwekwe hapo. Mwenye mali atapoteza kodi ya fremu mbili, na sitaki kujifanya kwamba hiyo si hasara. Atapata lakini jengo ambalo mpangaji anaingia na gari bila kuzama mchangani, na naamini mpangaji analilipia hilo. Maegesho yaongezwe ndani, hata kama ni kwa kupunguza bustani iliyochorwa kwenye ramani kwa kijani kizuri. Njia ya nyuma ibaki ya miguu, baiskeli na dharura, iwekewe nguzo za kung'oleka ili zimamoto na gari la wagonjwa wapite inapobidi. Malori ya ujenzi nayo yaanze kutumia lami tangu sasa, na yasiingie wakati wa watoto kwenda na kutoka shule.

Na kwa kuwa viwanja vingine viwili mtaani vimeshazungushiwa mabati, nashauri kila ombi la jengo la kupangisha liende kwanza kwa mtu wa barabara, aandike kwa mkono wake magari yatatokea wapi na yataegeshwa wapi, ndipo kibali kitoke. Karatasi moja tu. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale tunapobandikiwa matangazo ya usafi na michango.

Ukuta wa nyuma bado haujapanda na msingi wa fremu haujachimbwa, mafundi wanasema wataanza mwezi ujao. Tumemwomba mwenyekiti wetu wa mtaa aitishe mkutano kabla ya hapo na mwenye jengo aalikwe kwa heshima zote. Amekubali. Tunasubiri tarehe.

Wako,
Mkazi wa Shangani,
Mtwara