Wa tano Olimpiki naye aandikwe

Mhariri salamu kwako na kwa timu nzima ya michezo. Naandika kuhusu hii tabia ya kurasa zetu za michezo kutaja wenye medali tu, wengine wote wanafutwa kama vile hawakukimbia. Mfano wangu ni Staņislavs Olijars wa Latvia, wa mita 110 kuruka viunzi, alishastaafu na huku kwetu nadhani wanaomjua ni wachache sana.

Fainali ya Athens 2004 watu wanaikumbuka kwa Liu Xiang wa China, sekunde 12.91, akaifikia rekodi ya dunia ya Colin Jackson wa Uingereza, sawa, sifa zote anastahili. Ila angalieni waliomfuata. Terrence Trammell wa Marekani 13.18, Anier García wa Cuba 13.20 akabeba shaba, halafu Maurice Wignall wa Jamaika 13.21 na Olijars 13.21. Yaani jamaa kakosa medali ya Olimpiki kwa sehemu moja ya mia ya sekunde! Kwenye matokeo anasomeka wa tano, na mtu akisikia wa tano anadhani aliachwa mbali huko.

Na hizi sio mbio za miguu tu. Viunzi ni 10, kila kimoja kinapita urefu wa mita moja, kati ya kiunzi na kiunzi mita 9.14 ambazo wanapiga hatua tatu basi, ukikosea hatua umeharibu, ukigonga kiunzi spidi inakata na muda wa kuirudisha hamna maana mstari wa mwisho huo hapo. Hiyo sehemu moja ya mia inapotea kwa mguu wa nyuma kuchelewa kidogo tu.

Wala hakubahatisha kufika pale. 1998 bingwa wa dunia wa vijana kule Annecy, Ufaransa, 2000 bingwa wa Ulaya mita 60 viunzi kwenye mashindano ya ndani ya ukumbi, 2002 Munich akapata medali ya fedha ya Ulaya nyuma ya huyo huyo Jackson, 2003 akakimbia 13.08 Lausanne, na 2006 Gothenburg ndio akachukua dhahabu ya Ulaya kwa 13.24. Nchi yake Latvia ina watu milioni mbili hivi. Wakenya wanaofuatilia marathoni labda wanaijua kwa Jeļena Prokopčuka, yule aliyeshinda New York 2005 mbele ya Susan Chepkemei wetu, akashinda tena 2006.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wetu wanasoma hizo kurasa, wanaona ukiwa wa nne au wa tano duniani wewe si kitu, na wengine wanaacha mbio mapema kwa sababu hiyo. Basi mhariri mkiandika matokeo ya fainali wekeni majina yote manane na muda wa kila mmoja, hata kwa herufi ndogo pale chini, sisi tutasoma.

Msomaji wenu, Eldoret