Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, walimu wastaafu wenzangu,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Mimi niseme tu kwamba mfuko wa kufa na kuzikana umelipa kila msiba ulioletwa, na wadaiwa sugu wa ada wanajijua.

Gumzo la mwaka lilikuwa kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Julai 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, ulishushwa hadi asilimia 33 kwa tuliozoea kulipwa nusu, na bajeti ya Juni 2024 ikaupandisha hadi 40. Wengi mlishangilia. Mimi nilipiga makofi ya mkono mmoja, maana kinachoongezwa kwenye mkupuo hupunguzwa kwenye pensheni ya mwezi, na pensheni ndiyo itakayonunua dawa za presha wakati bodaboda aliyonunuliwa mpwa imeshauzwa spea. Najua wapo watakaonipinga, hasa wenye nyumba zisizoezekwa. Tutabishana kwenye mengineyo.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki: mwalimu anatimiza miaka 60, ndipo anaanza kusaka barua ya ajira ya mwaka 1987. Cheti kinamwita Yohana, kitambulisho cha NIDA kinamwita John. Michango ya miezi fulani haionekani PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na halmashauri aliyofanyia kazi wakati huo imeshagawanywa. Mshahara umekatika, pensheni haijaanza, na hapo ndipo wakopeshaji wanapobisha hodi. Wanachama wapya wengi wamejiunga nasi wakiwa tayari kwenye shimo hilo, nasi tukawapa pole na soda.

Kustaafu kwa hiari huanza miaka 55. Kamati inapendekeza kila tawi lianze kuwafuata walimu wa umri huo shuleni, wakakague michango na majina yao wakati ofisa utumishi bado anawajibika kwao. Nauli tumeiweka kwenye bajeti. Msiifute ili kuongeza posho za vikao.

Mwisho, kipindi changu cha pili kinakwisha leo na katiba haina cha tatu. Baadhi yenu mmeniomba nibaki "kidogo tu" na kanuni irekebishwe baadaye. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 akabaki na uenyekiti wa chama hadi 1990, lakini alikuwa na sababu ambazo mimi sina. Faili, muhuri na funguo za ofisi nimemkabidhi Katibu. Uchaguzi ni ajenda ya sita, na fomu za kugombea bado zipo mezani.