Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: maji ya Mbeya yanachemka kwa nyuzi ngapi?

Wanachama wenzangu, kamwene. Ndugu wa Rungwe na Kyela, mugonile. Waliotoka Iringa mjini wameketi mbele kwa amri yangu. Wamekula zaidi ya kilomita 300 nyuma ya malori ya Tunduma, kwa hiyo msiwaonee wivu.

Katiba ya chama chetu, sisi walimu tunaoandaa masomo ya video, inanitaka niwaeleze mwaka ulivyokwenda. Hesabu anazo mhazini na mahudhurio anayo katibu. Sitawasomea jambo mara mbili. Mimi nitakaa zaidi kwenye somo moja la video, la dakika sita, kwa sababu karibu kila tulichobishana mwaka huu kilianzia hapo.

Mwenzetu mmoja wa fizikia, anayefundisha hapa mjini Mbeya, aliandaa somo la kuchemka kwa maji. Vifaa vyake vilikuwa jiko la mkaa, sufuria, kipimajoto cha maabara alichokifunga kwa uzi kwenye kijiti ili kisiguse kitako cha sufuria, na simu aliyoiegemeza kwenye rundo la madaftari ya wanafunzi. Maji yakatoa viputo, yakatokota, mvuke ukapanda. Kipimajoto kikafika 94 kikasimama. Akachochea mkaa. 94. Akaenda kuazima kipimajoto kingine shule ya jirani, akijua cha kwake kimeharibika. Nacho kikasimama pale pale.

Basi akaifuta ile video. Akarekodi upya kwa pembe ambayo namba hazionekani, akatamka kwa sauti kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100, akaturushia kwenye kundi. Tukamwekea dole gumba, mimi nikiwa wa kwanza. Ni yeye mwenyewe aliyekuja kulitoboa kwenye kikao cha Aprili, na tulipomuuliza kwa nini alificha, alijibu, "Kitabu kinasema mia. Mimi ni nani?"

Kitabu hakikukosea. Kinasema nyuzi 100 kwenye mgandamizo wa hewa wa kawaida, yaani ule wa usawa wa bahari, na maneno hayo ya mwisho ndiyo sote huyaruka tukiandika ubaoni. Nami nimeyaruka kwa miaka 19. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inayagandamiza maji kidogo, hivyo maji hayahitaji joto lote lile ili yachemke. Kwa makadirio ya haraka unapunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Ukipiga hesabu unapata 94 na kitu. Kipimajoto kilikuwa kizima. Mama lishe wa Mwanjelwa anajua kwamba maharage ya huku yanakula mkaa kuliko ya Kyela. Sababu huenda haijui, lakini bei ya mkaa anaijua.

Baada ya kikao kile mwanachama wetu wa Kyela alipewa sufuria ile ile na kipimajoto kile kile. Kule ni takribani mita 500 tu, karibu na Ziwa Nyasa. Akapata 98. Sasa somo lina vipande viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, Mbeya na Kyela, namba zinaonekana wazi, kisha mwalimu anauliza: Dar es Salaam itakuwa ngapi? Halafu video inakwisha bila jibu. Wapo waliolalamika kwamba haijakamilika. Mimi naona hapo ndipo ilipokamilika, maana mwalimu wa darasani ameachiwa kazi yake.

Niliwahi kudhani chama hiki kazi yake ni kuwafundisha watu kubana video na kupanga slaidi. Swali la yule mwenzetu, "Mimi ni nani?", limenibadilisha. Tumezoea kujitambulisha kwa vitu vilivyotoka kwa wengine: muhtasari wa Taasisi ya Elimu, mtihani wa Baraza, fomu ya mdhibiti ubora. Tangu mwaka 2018 ipo pia sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na usajili ni jambo jema. Lakini siku kipimo chako kinapopingana na ubao wako, cheti hakikusaidii kuamua. Yule mwalimu leo akijitambulisha anasema, "Nafundisha fizikia, na nina somo la kuchemka kwa maji." Msikilizeni anavyolitamka. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma kwenye semina akisubiri posho, na anajua kwamba nasema kweli.

Ndiyo maana kuanzia Julai hatutoi somo lolote bila mambo mawili. Kwanza, walimu watatu wasioliandaa walitumie darasani na waandike lilipokwama. Vikao vya jumuiya za ujifunzaji vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vimetufaa sana kwa hilo, kwa sababu tayari watu wamekutana. Pili, kila mwandaaji aweke kwenye mkoba wake wa kazi, yaani jalada la kazi zake, toleo la kwanza pamoja na la mwisho, na ukurasa mmoja wa kueleza kilichobadilika na kwa nini. La pili limepata upinzani. Hakuna anayependa kuonyesha kosa lake. Hata hivyo, mkoba wenye kazi safi tupu haunionyeshi mwalimu anavyofikiri, na mwalimu kijana anayeanza kazi hawezi kujifunza chochote humo zaidi ya kuogopa.

Sasa lile la kuumiza. Mwezi Septemba tulikuta somo hilo hilo linauzwa kwenye stesheneri moja, limo ndani ya flashi pamoja na madesa ya kila somo. Jina la mwalimu limekatwa. Hilo lingevumilika. Lakini ili kupunguza ukubwa wamekata na kipande cha Kyela, kwa hiyo kilichobaki ni maji yanayotokota kwa nyuzi 94 bila maelezo. Mwanafunzi mmoja alimletea mwalimu wake daftari ameandika 94 kama kanuni ya dunia nzima. Alipoulizwa nani kasema, akajibu, "Video." Hakuwa na mtu wa kumtaja.

Kutokana na hilo, ajenda namba 6 leo ni leseni ya kazi zetu. Wako wanaotaka tufunge kila kitu kwa nywila. Wengine wanataka tuuze wenyewe. Kamati inapendekeza leseni ya Creative Commons, zile zilizoanza kutolewa mwaka 2002, ile inayomruhusu yeyote kunakili, kubadilisha na hata kutafsiri, mradi ataje aliyeandaa na aseme kwamba amebadilisha. Mtabishana kama tuongeze sharti la kukataza biashara. Mimi nitapiga kura ya kutoliongeza, na nawaambia mapema msije mkasema nimewaficha: shule nyingi zetu hupata nakala kwa mtu wa stesheneri, anachapa na kutoza hela yake, na sitaki aogope kututumikia. Ninachodai kwake ni jina, na taarifa ya alichokata. Jina likiwepo, yule mwanafunzi angejua wa kumuuliza.

Kuhusu usanifu wenyewe nitataja machache. Kwenye kikao cha Februari tulisoma kazi za Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, anayeshauri kwamba maneno yakisikika kwa sauti usiyaandike tena neno kwa neno kwenye skrini, kwa kuwa macho hugawanyika kati ya picha na maandishi. Nilikuwa shabiki mkubwa. Mwezi Machi tukapeleka masomo yetu shule moja ya Rungwe. Mvua ya Rungwe mnaijua, na paa la bati lisilo na dari mnalijua. Kwa dakika arobaini darasa liliona mikono inasogea tu. Sauti hata mimi niliyeshika spika sikuisikia. Mayer mwenyewe anakubali kwamba kanuni ile hulegea kwa anayesikiliza lugha isiyo yake, na watoto wetu wa kidato cha kwanza, waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, ndio hao. Kwa hiyo sasa tunaandika maelezo yote chini ya picha, na maneno magumu tunayaweka kwa Kiingereza na Kiswahili. Mayer hakuwa na bati.

Halafu kuna suala la skrini. Mwanafunzi haji shuleni na simu. Somo linatazamwa kwenye kishikwambi cha mwalimu, vile vilivyotembea na makarani wa sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa kwetu. Kishikwambi kimoja, vichwa kumi na viwili vimekiinamia, na wa pembeni kabisa amepinda shingo kama kuku anayesikiliza mwewe. Kabla ya kututumia kazi yako, kaa hapo kwa yule wa kumi na mbili, ujaribu kusoma. Ukishindwa, kuza herufi na upunguze maneno. Ukubwa wa faili nao usisahaulike: video ya maji ilitoka kwenye simu ikiwa na zaidi ya MB 700, tukaibana ikabaki 30, na hakuna aliyeona tofauti zaidi ya bando lake.

Sura za wanafunzi hatuonyeshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtoto hakuomba kuwa msanii. Mikono inatosha.

Lipo na kosa langu. Mwezi Juni kompyuta yangu ilikufa ikiwa na masomo manne ya wenzetu wa Iringa niliyoahidi kuyatunza, na nilikuwa nimeyaweka hapo tu. Fundi alinirudishia maganda. Wawili wamerekodi upya. Wawili wamekataa, na siwezi kuwalazimisha. Mmoja wao alitumia likizo yake yote kwenda Kalenga kupiga picha za somo la historia. Nimewaomba radhi kwa simu na leo nawaomba mbele yenu. Kwa sasa kila kazi inakaa sehemu tatu, na mojawapo haiko kwangu.

Ada zimelipwa vibaya. Mhazini atawataja, mimi sitaki ugomvi kabla ya chai.

Mwisho, somo la maji linataka vipimo zaidi. Tuna Mbeya na Kyela tu, na nukta mbili hazitoshi kuchora mstari wa kuaminika. Naomba watu wa Tukuyu, Chunya, Makambako na Iringa wachemshe maji katika vituo vyao, wapige picha ya kipimajoto namba zikionekana, na waandike jina lao chini. Kipimajoto kipo kwa katibu, amekiviringisha kwenye soksi. Atakayekichukua asaini daftari.

Naomba kuwasilisha.