Kaka, ule muthiga haukuwa wako

Kaka,

Tangu tumzike Nyanya hupokei simu zangu. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana najua wifi atakusomea.

Wema wako sijausahau. Ndiwe uliyembeba mgongoni hadi barabarani usiku ule wa mvua, ukalala sakafuni kando ya kitanda chake. Lakini ule muthiga, kaka! (Ni mti wa dawa; wengine mnaujua kama msokonoi.) Kaburi halijajengewa hata saruji, nakukuta umeuchuna kuzunguka shina lote, magunia yamejaa, na mnunuzi wa mjini anahesabu noti. Ukaniambia, "Gome litaota jingine."

Litaotaje? Chakula kinachotengenezwa majanini hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Ukilikata kote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Zimbabwe, mti ulio ndugu wa muthiga ulikaribia kwisha kabisa porini kwa kuchunwa na kung'olewa mizizi. Nyanya hakusoma hayo popote, lakini alibandua kipande cha kiganja, upande mmoja tu, akaziba kidonda kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha safari nyingine akaenda mti mwingine. Ulikuwapo! Ukikohoa alikupa kigome utafune, ulimi ukawaka kama umelamba pilipili, na hakukuruhusu uteme. Kifungua mimba wako alipoumwa tumbo, nani alimchemshia?

Unasema mimi ni wa Nairobi, nanunua dawa dukani. Ndiyo, nilimpeleka hospitali presha ilipopanda, na ningempeleka tena. Yeye mwenyewe alisema gome si la ugonjwa ule. Kama ni karo ya watoto, ungeniambia. Nimewahi kukunyima? Kila muhula nimetuma, na risiti sijakuuliza. Sikuondoka nyumbani kwa kuwatupa, kaka. Niliondoka ili pawe na mtu wa kutuma.

Sasa sikiliza. Ule wa kule mtoni haujaguswa, na unazaa. Mbegu zake haziwekeki kwa muda mrefu. Okota tunda lililoiva, lipasue, uzisie zingali mbichi. Atakayekuja kuomba dawa ya kifua mpe majani. Wataalamu wamekuta dawa imo humo pia, na mti hautakufa.

Mnunuzi akirudi, mwambie dada yako amekataa. Nakuja Desemba, tuzungumzie shamba lile mbele ya mjomba.