Deni halidaiwi kituo cha polisi

Mhariri,

Hapa Mombasa watu wengi wakidhulumiwa pesa hukimbilia kituo cha polisi. Fundi amechukua arubuni ya makabati na haonekani. Jirani amekopa na sasa hapokei simu. Mwenye pesa huandikisha taarifa, hupewa nambari ya OB (kitabu cha kuandikia matukio kituoni), kisha huketi akingoja polisi wamdaie.

Aliyeahidi asitimize amevunja mkataba, na hilo peke yake si kosa la jinai. Kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu, kinachotoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa kujipatia mali kwa udanganyifu, kinahitaji uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, tena aliyeusema awe alijua ni uongo. Akikuuzia tuktuk akisema ni yake, kumbe imesajiliwa kwa jina la mwingine, hiyo ni jinai. Akisema atakulipa mwisho wa mwezi na mwezi ukapita, hayo ni madai, yaani kesi ya kudaiana baina ya watu, si ya jinai. Mashtaka mengi huanguka kwa sababu hiyo, maana upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo shaka ya maana. Kwenye madai, mdai hushinda ushahidi wake ukiwa na uzito kidogo tu kuliko wa mwenzake.

Isitoshe, kesi ya jinai si yako. Ni ya Jamhuri, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wewe ni shahidi. Faini huingia serikalini. Hakimu ana uwezo wa kuamuru ufidiwe, lakini usiweke matumaini hapo. Mkipatana pembeni, kesi haifi mpaka mahakama ikubali malalamiko yaondolewe. Na yale makubaliano yanayoandikwa kwenye kaunta ya kituo, mdaiwa ametolewa seli hana viatu wala mshipi, wakili wake atayapinga kwamba alilazimishwa kutia sahihi.

Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lina mahakama yake: Mahakama ya Madai Madogo. Anza na barua ya madai inayotaja kiasi, tarehe, chanzo cha deni na muda wa kulipa, siku 7 au 14. Itume kwa njia itakayokuachia ushahidi kuwa imefika. Chukua taarifa kamili ya M-Pesa, si ule ujumbe mmoja wa simu. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishwe mfululizo, nambari na tarehe zikionekana. Wengi hupiga picha neno la "samahani, nitalipa" wakaacha sehemu inayotaja pesa ngapi, na hiyo ndiyo anayoitafuta mwamuzi. Sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa, na si lazima uwe na wakili (nasema hivyo ingawa mimi ni wakili). Migogoro ya kazi, hatimiliki za ardhi na kuchafuliwa jina haisikizwi huko.

Ukishinda, mahakama haikuletei pesa nyumbani. Wewe ndiwe utakayeomba hukumu itekelezwe, kwa dalali wa mahakama kukamata mali au kwa amri dhidi ya akaunti ya benki. Kwa hivyo kabla ya kushtaki, chunguza mdaiwa ana nini.

Kuna mahali ambapo kuchanganya mambo haya huumiza zaidi: ajali za barabarani. Matatu ikikugonga, dereva hushtakiwa mahakama ya trafiki, na akitozwa faini hupati hata senti. Fidia ya majeraha hudaiwa kwa kesi ya madai, ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, wakati deni la mkataba lina miaka 6. Majeruhi huambiwa na jamaa wangoje trafiki iishe kwanza. Inaahirishwa, shahidi anahama, faili haionekani, na miaka 3 inakatika. Hakuna haja ya kungoja: kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu kesi zote mbili ziende sambamba. Dereva akipatikana na hatia na rufaa zikaisha, hukumu hiyo ni ushahidi tosha wa kosa lake kwenye madai yako. Akiachiliwa, bado unaweza kumshinda, kwa kuwa kipimo cha ushahidi huko ni chepesi. Chukua abstrakti ya polisi (muhtasari wa taarifa ya ajali), fomu ya P3 (inayojazwa na daktari kuhusu majeraha) na stakabadhi za hospitali mapema, kabla hazijapotea.

Wakili,
Mombasa