Sarafu inayometa si lazima iwe nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie matangazo ya kuuza sarafu za ukusanyaji. Sifa inayotangulizwa karibu kila mara ni kwamba sarafu "inang'aa kama mpya". Sifa hiyo haimsaidii mnunuzi, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba sarafu imeharibiwa. Yako maswali mawili yanayopasa kujibiwa, tena kila moja peke yake: sarafu imelika kiasi gani, na je, uso wake bado ni ule uliotoka nao kiwandani?

Swali la pili ndilo linalowaponza watu. Sarafu inapogongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mistari myembamba mno ambayo jicho haliwezi kuitenganisha. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Inamisha sarafu chini ya taa, izungushe polepole, nawe utaona miale ikizunguka usoni kama vijiti vya gurudumu. Mng'ao huo ukishapotea haurudi. Anayesugua kwa dawa ya meno, magadi au stilwaya anaikata ile mistari. Sarafu itameta kweli, lakini mwanga hautazunguka. Chini ya lenzi utaona mikwaruzo laini, mingi ikielekea upande mmoja, imepita juu ya picha na sehemu tambarare bila kubagua.

Dawa za kuchovya zina hila zaidi kwa sababu haziachi mkwaruzo. Asidi iliyomo huondoa weusi pamoja na tabaka jembamba la madini yenyewe. Kuchovya mara moja kwa sekunde chache huenda kusitambulike. Kukirudiwa, mng'ao hufa, na sarafu ya fedha hubaki nyeupe iliyopauka. Dawa isiposuuzwa vizuri, masalia yake hujificha kwenye kona za herufi na baadaye kutoa madoa ya kahawia. Baya kuliko yote ni brashi ya waya inayozungushwa na mashine, kwa kuwa husogeza madini na kuyarundika kandokando ya herufi na tarakimu. Ukiona kijituta pembeni mwa tarakimu za mwaka, achana na sarafu hiyo hata kama inavutia.

Hata hivyo, si kila mstari ni kosa la mtu. Mihuri ilipopigwa msasa kiwandani ilipata mikwaruzo, na mkwaruzo uliochimbika kwenye muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka. Kwa kawaida mistari hiyo hukaa kwenye sehemu tambarare na kukoma inapofika kwenye picha. Mkwaruzo uliozama ndio uliotokea baada ya sarafu kugongwa. Katika sarafu nyingi za karne ya 18 utakuta pia alama za tupa: visahani, yaani vipande vya madini ambavyo bado havijagongwa, vilivyozidi uzito vilipunguzwa kwa tupa kabla ya kugongwa. Alama hizo hushusha bei, lakini ni kazi ya kiwanda, na muuzaji mwaminifu azitaje kwa jina lake.

Sasa kulika. Kunaanza kwenye vilele vya picha, na kila aina ya sarafu ina vilele vyake. Dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, yenye kichwa cha mwanamke, huanza kulika kwenye nywele zilizo juu ya sikio na kwenye shavu. Upande wa pili, kwenye kifua cha tai. Nusu dola ya Marekani iitwayo Walking Liberty, yenye picha ya mwanamke anayetembea, iliyotolewa kati ya 1916 na 1947, huanzia kwenye mkono na mguu wa kushoto wa yule mwanamke. Tatizo ni kwamba vilele hivyo hivyo ndivyo vinavyokosa kujaa pale muhuri unapogonga kwa nguvu ndogo. Dola nyingi za Morgan zilizogongwa katika kiwanda cha New Orleans zina nywele bapa juu ya sikio ingawa hazijawahi kutumika kama pesa. Amua kwa rangi na mng'ao. Mahali palipolika, fedha hugeuka kijivu kilichofifia, shaba hugeuka kahawia iliyokolea, na ule mwanga unaozunguka hukatika ukifika hapo. Mahali pasipojaa, mwanga hupita bila kukatika, na mara nyingine huonekana vijishimo vya kisahani cha awali.

Vipimo vya namba vya kuonyesha ubora wa sarafu navyo vinasomwa vibaya. Mizani ya 1 hadi 70 aliianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kale za Marekani, kisha ikaenea kwa sarafu nyingine. Kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazikutumika. 58 ina dalili ndogo tu ya kulika. Wengi hudhani 60 lazima iwe nzuri kuliko 58. La. Sarafu ya 60 huweza kujaa michubuko ya kugongana na wenzake ndani ya mfuko, wakati ya 58 ikawa na uso safi unaopendeza. Mahali pa mchubuko nako kuna uzito: mmoja shavuni huonekana kuliko mitatu iliyofichwa na nywele.

Kwa kutazama, tumia balbu moja ya wati 75 hadi 100, au ya halojeni, nyingine zote zikiwa zimezimwa. Taa ya tyubu hutawanya mwanga na kuficha mikwaruzo. Shika sarafu kwa ukingo, kama sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye taa, juu ya kitambaa laini. Usizungumze ukiwa umeiinamia, maana tone la mate huacha doa. Anza kwa macho matupu, kisha lenzi inayokuza mara 5 hadi 7. Lenzi ya mara 10 hufaa kukagua alama moja unayoitilia shaka. Ukiitumia kwa sarafu nzima, hata iliyo bora itaonekana mbovu.

Ukijani unaonata hutokana na mifuko ya plastiki ya PVC. Asetoni safi huuyeyusha bila kugusa madini: chovya, usisugue, na fanya hivyo mbali na moto. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai, kwa kuwa ina manukato na mafuta yanayobaki usoni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila tangazo la sarafu lieleze kulika na hali ya uso, kila kimoja peke yake, na liseme wazi kama sarafu iliwahi kusafishwa. Liwe na picha mbili kwa kila upande: moja ya kutoka juu, nyingine sarafu ikiwa imeinamishwa chini ya taa moja bila flashi. Mnunuzi asiyepewa hiyo ya pili aiombe kabla ya kulipa.

Mkusanyaji wa sarafu